Kabla Hujaunganisha Mitandao Yako Yote Katika Programu Moja

Duka langu la uchapishaji na fotokopi liko Kondele, mjini Kisumu, na bila umeme hakuna kazi inayofanyika humo. Wakati wa mvua za masika nilipoteza siku nzima kwa sababu tangazo la kukatwa kwa umeme lilikuwa limewekwa mtandaoni siku mbili mapema, nami siku hizo zote mbili nilikuwa mtandaoni bila kuliona. Nilikuja kulikuta jioni, giza limeshaingia, likiwa limefunikwa na video za harusi, za mpira na za watu nisiowafahamu. Familia iliyokuwa imeniagizia vijitabu mia mbili vya ratiba ya mazishi ililazimika kutafuta mchapishaji mwingine usiku huo huo, na jambo hilo liliniuma kuliko fedha nilizozikosa, kwa kuwa wafiwa hawana nafasi ya kuambiwa warudi kesho.

Nilipotulia nilitambua kwamba sikuwa nimekosa habari. Habari zilikuwepo tele, ila zilikuwa zimetawanyika katika mitandao minne, na kila mtandao ulizipanga kwa namna iliyowafaa wenye mtandao. Kampuni hizi huishi kwa matangazo ya biashara, hivyo algoriti zake, yaani kanuni za kompyuta zinazopanga machapisho, hutanguliza kile kitakachomfanya mtu aendelee kutazama, na orodha ya mitaa itakayokosa umeme haiwezi kushindana na bao la dakika ya mwisho. Ndipo nikaamua kujaribu programu inayokusanya machapisho ya mitandao mbalimbali na kuyaweka katika mlisho mmoja, yaani ukurasa mmoja wa kusoma, kwa kufuata saa yalipochapishwa.

Programu za namna hii zipo kadhaa. Openvibe huunganisha Mastodon, Bluesky na mitandao mingine. Tapestry, iliyotoka mwaka wa 2025, ni ya watumiaji wa iPhone. Na Feedly, ambayo imekuwepo tangu 2008, husoma zaidi tovuti kupitia RSS, yaani ule mfumo wa siku nyingi ambao tovuti hutumia kutangaza makala yake mapya ili programu nyingine ziyachukue. Nilijaribu zaidi ya moja kwa muda wa miezi mitatu, na ninayoyaeleza hapa yanahusu aina nzima wala si programu moja.

Faida yake niliiona asubuhi ya kwanza. Saa kumi na mbili, kabla sijafungua duka, nilisoma machapisho yote ya usiku kuanzia la zamani hadi jipya, nikafika mwisho. Kufika mwisho ni jambo nililokuwa nimelisahau. Kulikuwa na makala ya gazeti, video mpya ya fundi anayefundisha kutengeneza mashine za kuchapisha, na maelezo ya mtafiti anayefuatilia magugu-maji katika Ghuba ya Winam. Kisha ukurasa ukanyamaza, nami nikaiweka simu mfukoni. Ilinichukua dakika kumi na mbili, na hakuna mtu nisiyemfuata aliyejipenyeza katikati.

Hata hivyo, tangazo la umeme halikuwemo, na ninawasihi wasomaji wangu walielewe jambo hili kabla hawajapakua chochote. Programu ya kukusanya milisho haiwezi kuingia mahali ambapo mtandao wenyewe haujafungua mlango. Mastodon, ulioanza mwaka wa 2016, na Bluesky, uliofunguliwa kwa watu wote Februari 2024, ilijengwa juu ya taratibu zilizo wazi kwa mtengenezaji yeyote wa programu, ndiyo maana huingia katika programu hizi bila shida. Kwingine milango imekuwa ikifungwa. Januari 2023 Twitter, ambayo sasa huitwa X, ilizifungia programu za kuisoma zilizotengenezwa na watu wa nje, na katikati ya mwaka huo huo Reddit ilianza kuwatoza watengenezaji fedha nyingi kiasi kwamba Apollo, programu mashuhuri ya kuisomea Reddit, ilifungwa. Facebook haitoi mlisho wako kwa programu ya mtu mwingine, na makundi ya WhatsApp hayatoki nje ya WhatsApp. Sasa jiulize matangazo ya Kisumu huwekwa wapi. Ratiba za umeme, maji, mikutano ya wadi, tahadhari za mafuriko kwa jamaa zetu wa Nyando, zote hizo kwa kiasi kikubwa zimo Facebook, WhatsApp na X.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuchukua kalamu na karatasi. Andika vyanzo ambavyo ukivikosa utapata hasara, kisha mbele ya kila kimoja andika mahali kinapochapisha. Mimi niliandika vyanzo thelathini na kimoja, na kumi na viwili tu ndivyo vilivyoweza kuingia katika mlisho mmoja. Vingine vitano niliviokoa baadaye, nilipogundua kwamba vina tovuti zenye RSS, au chaneli za YouTube, ambazo nazo zina RSS hata kama haionekani kwenye ukurasa. Kwa tangazo la umeme nilitumia njia nyepesi kuliko zote: nilikwenda kwenye akaunti ya wahusika ndani ya mtandao wanaoutumia, nikawasha kengele ya arifa kwa akaunti hiyo pekee, nikazima arifa nyingine zote. Wiki iliyopita kengele hiyo ililia saa tatu usiku, nami nikarudi dukani na kumaliza kazi ya Alhamisi usiku wa Jumatano.

Jambo la pili ni nenosiri, na hapa sitalegeza sauti. Programu njema haikuombi nenosiri la mtandao wako ndani ya ukurasa wake. Hukupeleka kwenye ukurasa wa mtandao wenyewe, ukaingia huko, ukaulizwa kama unairuhusu programu isome tu au pia ichapishe kwa niaba yako. Soma swali hilo kabla ya kubonyeza. Programu inayotumia njia ya nenosiri kwa Bluesky haina haja ya nenosiri lako kuu, kwa kuwa mtandao huo hukuwezesha kutengeneza nenosiri la pekee la programu, mafungu manne ya herufi nne nne, ambalo unaweza kulifuta siku yoyote bila kugusa akaunti. Moja kati ya programu nilizojaribu iliniomba nenosiri langu la barua pepe, na niliiondoa papo hapo.

Kuhusu bando, zima video zinazojicheza zenyewe na uruhusu picha zipakuliwe kwa waifai tu. Nilipofanya hivyo, bando langu la wiki lilianza kufika Jumapili badala ya kuishia Ijumaa. Usianze na vyanzo vingi. Mlisho uliopangwa kwa saa humpa nafasi kubwa yule anayechapisha mara arobaini kwa siku, naye humfukia anayechapisha mara moja kwa mwezi, hata kama huyo wa mwezi ndiye uliyemfuatia. Wanaochapisha mara nyingi nimewatenga katika orodha yao wenyewe, ambayo huifungua Jumapili alasiri nikipata nafasi.