Shida za nyumbani kwenye insha ya kuombea chuo

Mdogo wangu, umeuliza kama kwenye insha ya Common App (fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, hasa vya Marekani) ueleze shida za nyumbani. Eleza, ila kwa ufupi. Nafasi ni maneno 650 tu, na msomaji anataka kukujua wewe: unawazaje, ukikwama unafanya nini. "Napenda kusaidia jamii" haimwambii kitu. Mwambie jinsi ulivyogundua daftari la madeni la duka la mama halilingani na mauzo, ukalipanga upya, wateja wakalalamika, ukabadilisha tena. Hapo akili yako inaonekana. Alama za mitihani usizirudie, wanazo tayari kwenye fomu.

Ukiomba na Uingereza, usipeleke insha hiyohiyo. UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo vya huko, kwa wanaoanza masomo 2026 na kuendelea, wanauliza maswali matatu: kwa nini kozi hiyo, masomo yako yamekuandaaje, na umejiandaa vipi nje ya darasa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi kati ya maneno, na kila jibu lisipungue herufi 350. Huko wanataka kozi yenyewe zaidi kuliko maisha yako.

Mwalimu akuoneshe makosa, lakini tafadhali asikuandikie.