Jibu: Nina kadi ya mpiga kura, mbona jina halikuwepo uchaguzi wa mtaa?

Salaam mkuu. Unasema kadi yako ni halali, lakini tarehe 27 Novemba 2024 kituoni wakakwambia jina halipo. Kadi haina kosa, ni madaftari mawili tofauti.

Kadi inatoka Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Daftari lake ni la rais, mbunge na diwani. Mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji huchaguliwa kwa orodha ya wakazi inayosimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya serikali ya Tanzania inayoshughulikia mikoa na serikali za mitaa), na orodha hiyo huandaliwa upya kila uchaguzi. Mwaka huo wa 2024 uandikishaji ulikuwa Oktoba 11 hadi 20 tu. Kadi ingekusaidia kujitambulisha, basi.

Kama ulijiandikisha siku hizo, angalia kwanza ulijiandikishia wapi. Mijini mpaka wa mtaa unaweza kuwa barabara tu, na kituo cha mtaa wa pili kikawa karibu kuliko chako. Vijijini orodha huenda kwa kitongoji. Halafu tafuta jina lako likiwa limepinduliwa, la ukoo limetangulia.

Orodha hubandikwa kabla ya kura ili ikaguliwe. Wengi hawaendi (uvivu wetu huo), na siku yenyewe hakuna wa kukuongezea jina. Ikibandikwa tena, nenda mapema, upige picha ukurasa wenye jina lako.