Kuwashawishi watu wampigie kura mgombea mwenye kasoro, ni dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Kuna mgombea namuunga mkono, sio mtakatifu, kuna ahadi hajatimiza na kauli zake nyingine hata mimi zinanikera, lakini mpinzani wake naona atatuumiza zaidi. Kaka zangu wanasema siku ya kura watakaa nyumbani maana wote ni walewale. Nikiwashawishi, je nitabeba madhambi yake?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah dada yangu. Wanazuoni wengi wa zama hizi wameiona kura kama ushahidi, yaani ukimpigia mtu unashuhudia kwamba kati ya hawa waliopo huyu ndo anafaa zaidi, hujasema hana dhambi. Na ushahidi tumekatazwa kuuficha (Qur'an 2:283), kwahiyo hilo neno "wote ni walewale" mtu alitamke baada ya kuwachunguza, sio kwa uchovu tu.

Alafu kuna kanuni ya fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kwamba madhara mawili yakikutana na hakuna pa kukwepea unabeba lile dogo. Khidhr, yule mja mwema aliyesafiri na Nabii Musa, alitoboa jahazi la maskini, na huo kwa macho ni uharibifu kabisa, Nabii Musa mwenyewe alipinga palepale, kumbe mbele kulikuwa na mfalme anapora kila jahazi lisilo na kasoro (18:71-79).

Imam Ahmad bin Hanbal, mwanazuoni mkubwa wa zamani, aliulizwa kuhusu makamanda wawili, mmoja hodari ila muovu na mwingine mchamungu ila dhaifu, twende vitani na nani? Akajibu yule hodari, kwasababu uovu wake ni juu yake na nguvu zake ni za Waislamu, na yule mwingine uchamungu wake ni wake ila udhaifu wake unawaangukia Waislamu. Ila hapa tuwe makini sana, watu wanaitumia kauli hii kumsafisha mwizi wa mali ya umma na hilo halikubaliki, maana wizi ule hauko juu yake peke yake, unawaangukia wagonjwa na mayatima.

Sasa kushawishi. Anayetetea jema ana fungu lake na anayetetea baya ana fungu lake pia (4:85), kwahiyo ulimi wako una hesabu. Waambie kaka zako kasoro zake wewe mwenyewe kabla hawajakwambia, usimpambe, usiahidi kwa niaba yake, na mpinzani wake mseme kwa yale yanayogusa uongozi tu, mambo ya nyumbani kwake achana nayo, hiyo ni ghiba, yaani kusengenya.

Wakikataa waache. Wapo masheikh wanaoona kujitenga na kura ndo salama, sasa usije ukakata undugu wa damu kwa ajili ya mwanasiasa. Na akishinda akaharibu, yale usiyoyajua huyabebi in shaa Allah, ila ukiyajua ukanyamaza kwa vile ni mtu wako, hapo ndo unaingia kwenye lile fungu, kwahiyo mkemee waziwazi kama ulivyompigia kampeni.

Wallahu a'lam.