Jibu: Mtoto wa miaka minne anapiga wenzake, kiboko hakisaidii

Mama uliyeuliza kama matibabu ya kumfundisha mzazi namna ya kucheza na mtoto na kumwamrisha, kwa ajili ya mwanao wa miaka minne anayepiga wenzake, ni kupoteza pesa: mimi niliyapitia na binti yangu hapa Kisumu. Pesa haipotei, ila ujue mwanafunzi ni wewe.

Mfumo huu ulianzishwa Marekani miaka ya 1970 na mwanasaikolojia Sheila Eyberg, kwa watoto wa miaka 2 hadi 7 hivi. Kule mshauri hukaa chumba cha pili nyuma ya kioo cha kuonea upande mmoja, akikunong'onezea kwa kifaa cha sikioni huku unacheza na mtoto. Wetu alikaa chumba cha pili, akitutazama kwa video ya simu.

Awamu ya kwanza ni kucheza tu, na ndiyo watu huidharau. Mtoto anaongoza, wewe unafuata. Huamrishi, hukosoi, huulizi. Binti yangu alikuwa amepanga vifuniko vya soda kama matatu stejini. Nikamwuliza, "Hiki rangi gani?" Sauti sikioni: "Usimpe mtihani. Sema unachoona." Nikasema, "Umeweka vyekundu mbele." Papo hapo akaanza kunieleza kila gari linaenda wapi, hili Ahero, lile Busia. Ukimsifu, taja jambo lenyewe: "Asante kwa kunipa polepole." Kununa na kelele za kutafuta macho, zipuuze. Nyumbani ni dakika 5 kila siku, hasa ile siku amekutia wazimu.

Awamu ya pili ni amri. Moja moja, fupi: "Weka kiatu chini." Habari ya "si uweke kiatu chini, mama?" achana nayo, hapo umempa nafasi ya kukataa. Akitii, sifa. Akigoma, onyo moja, kisha akae peke yake kwenye kiti dakika 3 bila hotuba. Akitoka, amri ni ile ile. Shangazi zake walikicheka hicho kiti mpaka wakachoka.

Kama maneno yake yamechelewa au haitikii jina, anza kliniki ya watoto apimwe masikio. Asiyesikia huonekana mkaidi.

Na baba wa mtoto, uliyesema anafanya kazi Nakuru na kurudi mwisho wa mwezi, akija aanzie kwenye mchezo, asikimbilie kiti. Sisi hatukuruhusiwa kugusa amri mpaka tuweze kucheza bila kuuliza maswali, na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyechelewa zaidi.