Safari ya majani ya vuli: anzia milimani, umalizie mjini

Wengi hupanga safari ya kutazama majani ya vuli, yaani yanayogeuka rangi kabla ya majira ya baridi kule Ulaya na Marekani, wakiwa wamelala mjini. Asubuhi wanapanda milimani pamoja na umati, jioni wanarudi kwenye foleni ileile. Mimi hufanya kinyume: nalala kwanza kijijini, juu kabisa, kisha nateremka taratibu kuelekea mjini, maana hata rangi huteremka hivyohivyo.

Mchana ukifupika, mti huacha kutengeneza klorofili na kijani kinafifia. Rangi ya manjano ilikuwamo ndani ya jani tangu mwanzo, imefunikwa tu. Nyekundu ya mimepo (miti ya maple) ndiyo hutengenezwa wakati huo, na hukolea siku zikiwa za jua na usiku wa baridi isiyofikia kugandisha. Baridi hutangulia milimani. Mjini, lami na kuta hutunza joto, kwa hiyo miti ya bustanini huchelewa. Ukikuta mlimani majani yamekwisha, usikate tamaa, teremka; bonde la chini huenda ndiyo kwanza limeiva. Ndiyo maana mimi hulipia mapema malazi ya mwanzo na ya mwisho tu, ya katikati nikaamua nikiwa njiani. Isipokuwa wikiendi! Vijiji vyenye sifa ya majani hujaa.

Kinachobana ni mwanga. Ulaya hurudisha saa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Marekani Jumapili ya kwanza ya Novemba, na mwanzoni mwa Novemba jua la London huzama karibu saa 10:30 jioni. Ramani ya simu ikisema saa 4 za mwendo, panga 6, kwa kuwa utasimama tu. Barabara za mashambani zimalize mchana. Magharibi na alfajiri ni saa za kulungu, na vuli ni msimu wao wa kupandana, hukatiza bila kuangalia. Akivuka mmoja, punguza mwendo zaidi, mara nyingi kuna mwingine nyuma yake. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni, hasa kwenye kona zenye kivuli. Shika breki kabla ya kona, si katikati yake. Asubuhi mabondeni kuna ukungu, basi kunywa chai yako kwa nafasi hadi utawanyike. Beba miwani ya jua pia, kwani jua la vuli hukaa chini na kukuchoma machoni.

Mjini gari ni mzigo. London yote ni eneo la ULEZ, yaani la kudhibiti moshi wa magari, tangu Agosti 2023, na magari yanayochafua hewa kupita kiwango hulipa kila siku yanapoendeshwa humo. Katikati ya Berlin huingii bila stika ya kijani kwenye kioo, inayoonyesha gari lako halichafui hewa kupita kiwango. Mimi huegesha kituo cha treni cha pembezoni, nikaingia na begi dogo. Kama gari ni la kukodi, uliza kabla ya kusaini kama unaweza kulirudishia hukohuko pembezoni na watakutoza nini cha ziada. Mara nyingine ni nafuu kuliko kulilipia maegesho huku unatembea kwa miguu.