Ndege Kwanza, Bunduki Baadaye: Kumlea Mtoto wa Labrador kwa Uwindaji wa Bata

Tangu nianze kuwinda bata hapa Minnesota, Marekani, ndugu zetu wanaonunua mtoto wa Labrador, mbwa wa kumletea mwindaji ndege aliyepigwa, huniuliza swali lilelile: nianze lini kumzoesha mshindo wa bunduki? Huwa nawaambia wasahau bunduki kwanza. Mtoto wa mbwa ambaye hajaonja utamu wa ndege hana sababu yoyote ya kuvumilia kelele ile. Akishampenda ndege kweli, mshindo kwake utakuwa habari njema.

Nasisitiza hili kwa sababu mbwa wengi wanaoogopa bunduki wameharibiwa na watu. Mtu anamchukua mtoto wa miezi mitatu, anampeleka uwanja wa kulenga shabaha "azoee". Mwingine anamwacha nje usiku wa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, fataki zinalia mtaa mzima. Hofu ikishamwingia, kuitoa ni kazi ya miezi, na wapo ambao haiwatoki maisha yao yote.

Basi anzia nyumbani, na korido yako inatosha kuwa darasa. Mtoto akifika akiwa na wiki nane, funga milango yote ya korido, kaa chini mwisho mmoja, kunja soksi kuukuu uirushe hatua chache mbele. Atakimbilia, ataiokota, na njia ya kurudi ni moja tu: kwako. Akifika, usimpokonye! Mpapase kifua, msifu, mwache asimame nayo mdomoni akijiona mfalme, kisha ndiyo uitoe taratibu. Mbwa anayenyang'anywa kila akirudi hujifunza kwamba kurudi ni hasara, na baada ya muda utamwona anazunguka mbali nawe na mzigo wake mdomoni. Rusha mara tatu au nne, kisha iweke soksi kabatini hata kama anakulilia. Alale na hamu yake.

Akikimbia na kitu uani, usimfukuze. Geuka, kimbia upande mwingine ukimwita, naye atakufuata. Na usivutane naye kamba wala kitambaa, kwa maana tunataka mdomo laini, unaobeba ndege bila kumkamua.

Kati ya miezi minne na sita meno ya utotoni hung'oka na fizi humuuma. Kipindi hicho punguza kurusha vitu, hasa vigumu, ili asije akahusisha kubeba na maumivu. Mafunzo mazito ya kushika na kutoachia mpaka aambiwe yangoje meno ya ukubwani yakamilike. Tumia muda huo kwenye utii: kaa, njoo, ngoja. Mimi natumia filimbi pia, mpulizo mmoja wa kukaa na mipulizo mifupi mfululizo ya kurudi, kwa sababu ziwani kwenye upepo sauti ya mtu haifiki mbali.

Sasa ndege. Msimu wa bata ukiisha naweka mabawa kwenye friza. Nafunga bawa moja kwenye dami, yaani kile kifurushi cha turubai chenye kamba, na kukificha kwenye nyasi ndefu, mbwa akiwa upande ambao upepo unamletea harufu. Hapa usiseme neno, tazama tu. Anapita ovyo, kisha ghafla kichwa kinageuka kabla ya miguu, mkia unaanza kwenda kasi, pua inashuka. Hicho ndicho unachokitafuta, na hakifundishwi kwa amri. Akishazoea bawa, mpe njiwa kamili, aliyekufa na kupoa.

Kuhusu rangi: dami la chungwa tunaliona sisi, mbwa halimkai vizuri machoni kwenye majani mabichi. La kutafutwa kwa pua liwe chungwa. La kuonwa likianguka liwe jeupe, au jeupe na jeusi.

Maji yanataka subira. Mwezi Mei jua la hapa linadanganya, maana ziwa lilikuwa barafu juzijuzi. Ngoja maji yapate joto, tafuta ufuo wenye mteremko mdogo, vua viatu uingie naye. Kumtupa majini ni ukatili na ni njia ya haraka ya kupata mbwa asiyetaka kuogelea. Julai na Agosti, ukiona maji yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, ondoka. Mwani ule unaweza kuua mbwa kwa saa chache.

Bunduki sasa. Msaidizi asimame kama mita 100, na bastola ya kuanzishia mbio. Arushe njiwa aliyekufa, na afyatue bastola wakati mbwa tayari anamkimbilia ndege. Tazama masikio na mkia. Kama hakujali, siku nyingine sogeeni kidogo. Akisita hata kidogo, rudini mbali. Usione aibu kurudi nyuma.

Wasomaji wa pwani huniuliza kuhusu dini. Qur'ani, Sura Al-Maida aya ya 4, inawataja wanyama wawindaji waliofundishwa; mambo ya najisi na kuosha muulize sheikh wako. Ninachokijua mimi ni kwamba mbwa mwenye mdomo laini mara nyingine hukuletea bata angali hai, ukawahi kumchinja. Na sheria ya Marekani inamtaka mwindaji afanye juhudi ya kweli kumpata ndege aliyempiga. Kwenye matete, bila mbwa, wengi hupotea.

Msimu wa kwanza, acha bunduki yako kwenye gari. Mwenzako apige, wewe ushughulike na mbwa: akae, atazame, atumwe kwa ndege wachache waliokufa wazi mbele yake. Batabukini aliyejeruhiwa usimtume kabisa. Ndege yule anapigana, na kipigo cha mabawa yake kinaweza kumfanya mbwa mchanga asitake tena kugusa ndege mkubwa. Hao waachie mbwa wakubwa, au ingia majini mwenyewe.