Usiuze hata kikonyo kimoja kabla hujaomba haki

Juzi kijana mmoja wa Tanga alinitumia picha ya adeniamu, lile ua wengine wanaliita waridi la jangwa. Maua ya njano, kooni wekundu. "Shikamoo mama," aliandika, "hii nimeizalisha mwenyewe kwa mbegu. Nataka niende BRELA nikaikatie hataza kabla hawajaniibia. Nijiandae na shilingi ngapi?" Nilimjibu kwa sauti mpaka simu ikapata moto, na bado sikumaliza. Najua wengi mnaonisoma mna mche kama huo nyuma ya nyumba na ndoto kama hiyo, kwa hiyo yaliyobaki nayamalizia hapa.

Kwanza, mlango siyo huo. BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, wanasajili hataza (haki ya mvumbuzi, yaani patent) na alama za biashara, lakini sheria yetu ya hataza imeziacha nje aina za mimea. Mmea una sheria yake ya mwaka 2012, na maombi yanakwenda kwa msajili wa haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, Wizara ya Kilimo. Mwaka 2015 Tanzania ikajiunga na UPOV, umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea. Hataza ya mmea yenyewe wanayo Marekani, kwa sheria ya mwaka 1930, na wa kwanza kuipata, mwaka 1931, ulikuwa waridi unaotambaa uitwao New Dawn. Ukiwa hapa nyumbani, ombea haki ya mgunduzi. Ikikubaliwa unalindwa miaka 20, au 25 kwa miti na mizabibu.

Sasa niwaambie kwa nini nalishupalia jambo hili.

Adeniamu ni mmea wetu. Unaota wenyewe kwenye nyika kavu za Afrika Mashariki, na utomvu wake wawindaji waliupaka kwenye mishale. Lakini ukitafuta rangi za ajabu na maua ya petali zilizorundikana, unaambiwa agiza Thailand au Taiwan. Hilo liliniuma tangu nilipoanza kitalu huku Bunju. Nikajiambia, kama wao wameweza kwa mmea uliotoka kwetu, mimi ninao mlangoni nashindwaje?

Kuchavusha adeniamu si kazi ya haraka. Ua halikupi chavua hivihivi. Ndani kabisa ya lile koo, vifuko vya chavua vimejibana vikafanya koni ndogo iliyochongoka, na chavua imefichwa ndani yake. Mimi huchukua ua la baba, nachana petali na koo lake kwa wembe hadi ile koni ibaki wazi, kisha naifungua taratibu kwa ncha ya kijiti cha meno. Chavua inatoka imeshikana, yenye kunata kidogo. Kwenye ua la mama nachana koo upande mmoja tu, naipenyeza chavua kwenye upenyo kati ya vifuko, chini ya koni, mahali panapoipokea. Ukiiweka juu ya koni umepoteza asubuhi yako. Ikishika, yanatokea maganda mawili yaliyoachana kama pembe za mbuzi. Yafunge kwa uzi mapema, maana siku yanapopasuka kila mbegu ina manyoya huku na huku, na upepo wa pwani hauombi ruhusa.

Mbegu zinaota ndani ya siku chache kukiwa na joto. Kipindi cha kusubiri ua la kwanza nakiruka, maana ni kumwagilia na kungoja tu. Miche mingi itakupa ua la kawaida la rangi ya waridi ambalo kila bustani ya barabarani inalo. Ndivyo ilivyo. Hiyo uza kwa bei ya chini, au itumie kubebeshea, yaani kuunganishia vikonyo (vipande vya tawi) vya mmea mwingine.

Mmoja wangu haukuwa wa kawaida. Ulitoa ua jekundu la kuiva, ukingo mweupe, petali matabaka matatu. Sikuuza. Nilikata vikonyo, nikabebesha kwenye miche mingine, nikavifunika kwa mfuko wa nailoni, nikangoja kuona kama vyote vitatoa ua lilelile. Ua la kwanza la adeniamu linadanganya: rangi inabadilika kwa jua na joto, na petali zilizorundikana mara nyingine hazijitokezi mpaka mmea ukomae. Sheria nayo inataka hayohayo: aina iwe mpya, itofautike na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na ibaki hivyo kila unapoizalisha tena. Bila kupita misimu kadhaa ya maua, huwezi kujaza fomu kwa haki.

Nikiwa bado kwenye misimu hiyo, alikuja mteja mmoja mwenye bustani kubwa. Nilimkaribisha, nikampa maji ya kunywa, akapiga picha, akanunua miche mingine kabisa. Alipoondoka nikakuta tawi limevunjwa, utomvu bado unachuruzika. Msimu uliofuata nililiona ua langu limepangwa kwenye vyungu pembeni ya barabara, limepewa jina la mtoto wake. Nilisimama pale nikakosa neno. Muuzaji ananiambia, "Hii mama imetoka nje, bei yake kidogo imechangamka."

Wakili mmoja alinieleza jambo ambalo kila mzalishaji wa maua alijue. Upya wa mmea hauharibiwi na picha, wala na mwizi. Unaharibiwa na wewe mwenyewe ukiuuza, au mtu akiuuza kwa ridhaa yako, zaidi ya mwaka mmoja hapa nchini kabla ya kuomba, au zaidi ya miaka minne nje ya nchi. Mwizi hakuwa na ridhaa yangu, na daftari langu lilikuwa na tarehe ya kuchavusha, mama nani, baba nani, picha ya kila ua. Haki ningeweza kuiombea. Lakini soko lilikuwa limeshajaa, bei imeshuka hadi ya maua ya kawaida, nikaona nitalipia ada kwa ajili ya hasira tu. Mpaka leo nikipita barabara ile natazama upande wa pili.

Ndiyo maana nasema, na nitarudia: daftari, daftari, daftari. Na mmea wako wa majaribio usikae mbele ya kitalu. Mimi siku hizi naweka nyuma, kwenye uzio wenye kufuli, na mgeni anaonyeshwa picha.

Nanyi wenzangu wa Tanga ndio mngepaswa kuwa wakali kuliko wote. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo la Tanga, alituma kwao ua dogo la zambarau la Usambara. Leo ua hilo lina maelfu ya aina madirishani mwa watu Ulaya na Marekani, nasi tunalinunua kama la kigeni. Wakati ule hatukuwa na sheria. Sasa tunayo, tunakosa nini zaidi ya uvivu wa kuandika?

Msitegemee makubwa kupita kiasi, lakini. Haki ya Tanzania haimzuii mzalishaji wa Bangkok. Ukitaka Ulaya, ombi moja kwa ofisi yao iliyoko Angers, Ufaransa, linashika nchi zote za Umoja wa Ulaya, na una miezi 12 tangu ombi lako la kwanza ili tarehe ile ihesabike huko pia. Wala huwezi kumkataza mtu kutumia ua lako kuzalishia aina nyingine. Mlango huo uko wazi kwa wote, hata kwako.

Na jina la aina mkiandikisha, mjue ni jina la mmea. Kila atakayeuuza atalazimika kulitumia, hata haki ikishakwisha. Jina la kibiashara ndilo la kupeleka BRELA kama alama yako. Hapo ndipo kijana wangu atawahitaji.

Aina yangu ya pili nimeiombea kabla sijauza chungu hata kimoja. Vitalu vinavyoitaka vinasaini mkataba, vinalipa kwa kila mche vinaoubebesha, na nakagua mwenyewe. Asiyesaini hapati kikonyo, awe ndugu, awe jirani.